Nasikiliza albamu kongwe mwanzo hadi mwisho nikiwa chuo hapa Tanga: naleta ninachosikia, nanyi nielekezeni

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima yenu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tanga, nakaa geto Chumbageni. Tangu shule ya msingi muziki kwangu ni wimbo mmoja mmoja: unaukuta kwenye simu ya mwenzako, anakurushia, ukikuchosha unafuta. Muhula huu nimeamua kusikiliza kwa namna nyingine. Nachukua albamu ambazo wapenzi wa muziki duniani hawaishi kuzitaja, navaa hedifoni, naanza wimbo wa kwanza naishia wa mwisho kwa mpangilio wake. Siruki, sichanganyi. Nikimaliza narudia, kisha naandika hapa sikio limekamata nini. Maksi sitoi.

Naanza na Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, ya mwaka 1959. Ni nyimbo tano tu, dakika 45 hivi kwa jumla, na ilirekodiwa New York kwa siku mbili: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Miles aliwapa wenzake michoro mifupi ya skeli (ngazi za noti) za kupitia, badala ya msururu wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazobadilika kila mara, wakaingia kupiga bila mazoezi marefu.

Mwanzo piano na besi wanatafutana kwa sauti ya chini, huelewi wanakwenda wapi. Halafu besi ya Paul Chambers inatamka sentensi nzima, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili. Inasema tena, wanaitikia tena. Hapo nikakaa wima, maana mpangilio huo naujua. Ndivyo ngoma zetu zinavyokwenda, na ndivyo kasida zinavyokwenda: mmoja anatoa, wengi wanapokea. Ila hapa kiongozi ni besi, chombo ambacho kwenye spika za simu hata hakisikiki. Kisha Miles anaingia na tarumbeta yake, na papo hapo Jimmy Cobb anapiga toazi mara moja, sauti inatanda na kufifia polepole huku Miles ameshaanza kuongea. Nimelirudia toazi lile mpaka mwenzangu wa geto akaniuliza kama simu imekwama.

Kuna saksafoni mbili humo. John Coltrane anachimba, anageuza jambo moja upande huu na upande ule kama mtu asiyeridhika na jibu. Cannonball Adderley sauti yake ina uchangamfu. Wimbo ni uleule, skeli zilezile, na tabia za watu wawili zinasikika wazi. Piano nayo ni ya Bill Evans, isipokuwa wimbo wa pili ambapo kakaa Wynton Kelly, na ukishaambiwa hivyo unausikia mguso ulivyobadilika.

Wengi wanasema jazi inachosha. Mimi haikunichosha, na nadhani sababu ni taarab. Ukikulia pwani umeshasikia taksim: mpiga kanuni au udi anashika makamu moja (ngazi ya noti ya Kiarabu), anatembea ndani yake kwa nafasi, hana haraka ya kufika popote. Sikio lililozoea hivyo haliwezi kumuona Miles mgeni.

Karibuni. Mnasikia nini humo, na ifuate ipi?

Mdau wa Makorora

Umeandika vizuri mkuu, lakini nina neno. Kila kijana anayeanza safari hii anaanzia kwenye orodha iliyoandikwa Marekani au Uingereza. Miles, Beatles, Thriller, basi. Wewe upo Tanga! Huu ni mji wa bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji wa Black Star na Lucky Star wa taarab. Umeshasikiliza albamu ya Atomic mwanzo hadi mwisho?

Mwanzisha uzi

Mkuu, nitajie jina la albamu ya Atomic Jazz nami naisikiliza leo hii kabla ya kulala. Nimetafuta. Ninachopata ni wimbo mmoja kapandisha huyu, mwingine kapandisha yule, picha juu yake ni ya bendi nyingine kabisa, mwaka hakuna, wapigaji hawatajwi. Sibishi kwamba muziki upo. Nauliza uko wapi ukiwa umekaa pamoja.

Anayesoma kimya

Mimi nauliza la bando. Dakika 45 halafu unarudia? Mnaishije?

Mwanzisha uzi

Bando la usiku mkuu. Napakua usiku, nasikiliza mchana.

Mama Ngamiani

Wanangu, hamjambo. Huwa nasoma tu, ila hili limenitoa.

Albamu ya Atomic hamtaipata kwa sababu wakati ule haikuwa desturi yetu. Bendi ilikuwa inakwenda Dar es Salaam, inaingia studio ya Redio Tanzania, inarekodi nyimbo zake, na redio inazipiga. Sisi tulizipata hewani. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hatukuwa nacho, zilichapwa Nairobi, na nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja una dakika chache tu. Wimbo wa dansi haukai dakika chache. Kwa hiyo waliukata: upande wa kwanza maneno, mwimbaji anatoa kisa chake chote taratibu. Unageuza. Upande wa pili ndipo chemko, magitaa yanachangamka, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na wote mliokaa mnainuka. Hiyo santuri moja ndiyo ilikuwa kazi nzima. Ukitaka kuwasikiliza Atomic au Jamhuri kama tulivyowasikiliza sisi, usitafute nyimbo kumi na mbili za mfululizo. Tafuta pande mbili za wimbo mmoja, na usiusikilize wa pili kabla ya wa kwanza.

Na msidhani Tanga ilipata bendi nzuri kwa bahati. Mji huu ulikuwa wa mkonge. Mashamba yalileta watu kutoka kila kona ya nchi na nje ya nchi, bandari inafanya kazi, mshahara unatoka, mwisho wa wiki watu wanataka kucheza. Bendi mbili kubwa mji mmoja, na kila mtu ana upande wake. Ushindani ule uliwafanya wapige vizuri, maana ukizembea Jumamosi hii, Jumamosi ijayo ukumbi wako mtupu.

Kuhusu taarab, rekodi ni za zamani zaidi. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Sisi Tanga tuliingia baadaye, lakini tuliingia na jambo letu. Unguja walikuwa na okestra kubwa, fidla, kanuni, udi, wamekaa kwa heshima zao. Black Star walikuwa vijana: gitaa la umeme, gitaa la besi, na mdundo wa ngoma za hapa pwani. Watu wakacheza kwenye taarab! Mombasa wakasikia, wakafuata. Mwimbaji wao Shakila hamna haja nimweleze, msikilizeni.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama, na asante sana. Umenibadilishia mpango wote. Nimekuwa nikisikiliza nyimbo za dansi zikiwa zimeunganishwa kwenye faili moja, na kila mara nilijiuliza kwa nini katikati zinakatika sekunde moja halafu muziki unarudi kwa kasi nyingine. Kumbe hapo ndipo mtu alipokuwa anageuza santuri.

Nimeifanyia kazi hoja yako na ya mdau wa Makorora kwa pamoja. Ipo albamu inaitwa Nyota, ya Black Star na Lucky Star, iliyotolewa London mwaka 1989 na kampuni ya GlobeStyle. Ni nyimbo za taarab ya Tanga zilizokwisha kutoka kama santuri ndogo, zikakusanywa mahali pamoja. Kwa hiyo albamu yetu ya kupeleka kwenye orodha ya dunia ipo, ila mpangilio wake aliuweka mkusanyaji wa Uingereza, miaka mingi baada ya wanamuziki wenyewe kumaliza kazi. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ningependa tu kila anayeisikiliza alijue hilo.

Sasa nilichosikia. Kwanza besi. Wimbo mmoja ukiupata peke yake kwenye simu, unamsikia Shakila, unayasikia mashairi, basi. Ukisikiliza mfululizo unagundua kwamba gitaa la besi ndilo linaloamua kila wimbo utembee vipi. Haling'ang'anii kupiga kila pigo. Linaacha mapengo, na ngoma inaingia kwenye mapengo hayo. Nilitoka kwa Paul Chambers nikaja hapa, na kwa sikio langu hawa wangeelewana bila mkalimani.

Pili, Shakila mwenyewe. Anaimba maneno mazito kwa utulivu. Hapandishi sauti ili ujue kwamba anaumia. Anavuta silabi ya mwisho ya mshororo, anaizungusha kidogo, anaiacha, na gitaa linachukua palepale alipoacha. Waimbaji tunaowasikia siku hizi wengi wanaonyesha uwezo wote ndani ya ubeti wa kwanza. Yeye anakuacha unasubiri. Amefariki mwaka 2016, na inaniuma kwamba nilikuwa hai, nipo mkoa huuhuu, na hakuna mwalimu wala mtangazaji aliyewahi kuniambia huyu ni nani hasa.

Binti wa Pangani

Shakila wa kwetu huyo, asante kwa kumpa nafasi.

Ukirudi nje, msikilize Lauryn Hill wa Marekani, albamu yake ya 1998, The Miseducation. Utaipenda kwa kuwa ni mwanafunzi. Inaanza darasani, mwalimu anaita majina, likifika la Lauryn hakuna anayejibu. Halafu kati ya nyimbo darasa linaendelea, watoto wanajadili mapenzi ni nini na mwalimu wao. Aliyecheza mwalimu ni Ras Baraka, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji wa Newark, Marekani. Ukichanganya nyimbo, mjadala wa wale watoto unapotea wote, na mimi nasema ndio uti wa mgongo wa albamu. Nilivyokuwa kidato cha sita niliwasikiliza wale watoto kuliko nyimbo zenyewe.

Mwanzisha uzi

Dada, nimeisikiliza yote. Uko sahihi kuhusu watoto. Kuna mmoja anajibu kwa kujiamini kabisa na wenzake wanamcheka, na baada ya hapo wimbo unaofuata unaubeba ule mjadala ukiwa na uzito mwingine. Ningeupata wimbo huo peke yake ningeuona mzuri tu.

Nikaunganisha na What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Hiyo nayo haina mwanya: wimbo unamwagikia kwenye wimbo. Anaimba kama askari aliyerudi nyumbani anakuta mambo hayajakaa sawa, na mdogo wake kweli alikuwa amepigana Vietnam. Sauti yake iko mara mbili, Marvin anaimba na Marvin mwingine anamjibu pembeni. Mwenye kampuni iliyomrekodi, Motown, Berry Gordy, hakutaka kuutoa wimbo wa kwanza, akidhani hautauza.

Lakini kilichonishika ni jambo la kwenye jalada. Kampuni ya Motown ilikuwa imetoa nyimbo nyingi zilizotikisa dunia, na waliopiga vyombo karibu wote ni kundi lilelile la wanamuziki wa Detroit, Funk Brothers. Miaka yote majina yao hayakuandikwa. Albamu hii ndiyo ya kwanza ya Motown kuwataja. James Jamerson, mpiga besi ambaye kila mpiga besi wa leo anadaiwa naye, watu walimcheza miaka bila kujua anaitwa nani.

Hapo nikarudi kwenye ile Nyota. Besi niliyoisifia, kaipiga nani? Tunazo nyimbo, tunao waimbaji, lakini kijana wa gitaa la besi wa Black Star simjui, na nipo mji wake. Wakuu, mimi naona shida yetu kubwa kwenye muziki wa zamani ndiyo hiyo. Kukosa albamu tunaweza kuishi nako, mama Ngamiani ameshaeleza kwamba kazi ilikuwa na kipimo chake. Lakini mtu kupiga vile halafu jina lake likapotea wakati waliomjua bado wanakunywa kahawa barabara ya kumi na mbili, hilo halikubaliki.

Mpiga besi

Umegusa penyewe. Mimi napiga besi, na nakupa mfano wa majina yaliyobaki uone tofauti yake.

Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, watoto wa Tanga hapa. Walipiga Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, wakafika Nairobi, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitoa wakaunda Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa kila mtu Afrika Mashariki anaujua, kwenye harusi ukipigwa hata bibi harusi anasahau shela. Pale tunajua nani yuko wapi: gitaa la rithimu Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, besi Tom Malanga, ngoma Rashid Juma, solo John Ngereza.

Kwa sababu nawajua, nawasikia. Jaribu hivi: usikilize wimbo mara moja ukimfuata Shabani peke yake, usijali sauti za waimbaji. Utashangaa. Rithimu ile haipumziki, na ndiyo unayoiimba mdomoni ukitembea, sio solo. Halafu usikilize tena ukimfuata Malanga tu. Anasubiri, anaweka noti chache za chini, anaacha. Watoto wanaojifunza besi nawaambia wapige kama yeye kwanza, wajaze baadaye. Sasa fikiria kama majina yale yangepotea, ningemwambia mwanafunzi apige kama nani?

Kijana wa Kange

Na sisi wa bongo fleva mnatuacha nje? Albamu ya Tanga ninayoijua mimi ni Ukweli Mtupu ya Wagosi wa Kaya. Mkoloni na Dokta John. Hiyo ilikuwa kanda, ina mpangilio, ina upande A na B, na ni ya hapahapa. Nyumbani ilipigwa mpaka utepe ukanyauka. Wamewasema wauguzi, wameusema mji wao wenyewe, kwa lafudhi ya kwetu, bila kujilazimisha kuongea kama watu wa Dar. Kama mnatafuta albamu kongwe ya mji huu, anzieni hapo.

Mdau wa Makorora

Kijana wa Kange, hiyo hoja naiunga mkono mikono miwili. Kanda ndiyo iliyowapa vijana wetu albamu. Hata ile ya Professor Jay, Machozi Jasho na Damu ya 2001, watu waliishika kama kitu kizima, wanajua wimbo gani unafuata gani.

Mwanzisha uzi

Nimezipokea zote, Wagosi naipa wiki nzima.

Leo nimesikiliza Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila. Ilitoka mwaka 1989, ikarekodiwa Uingereza kwenye studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel. Remmy alizaliwa Kivu, Kongo, lakini Dar ndiyo iliyomlea kimuziki na sisi ndio tuliomwita Dokta. Rekodi ni safi mno. Kila gitaa lina chumba chake, unaweza kunyoosha kidole ukasema huyu yuko kushoto, yule kulia. Ukitoka kwenye rekodi za redio, ambako bendi nzima imebanana kama abiria wa daladala ya Sahare saa moja asubuhi, unahisi umefunguliwa dirisha.

Hata hivyo nitasema ninachoamini, mnibishie mkitaka. Ubora wa studio haukufanya mapenzi yangu kwa nyimbo za redio yapungue. Zile za redio zina joto la watu waliosimama karibu karibu, kila mmoja akijua akikosea wote wanaanza upya. Kipenda Roho ndani ya albamu hii ni nzuri kwa sababu Remmy anaongea na msikilizaji kama jirani yake, na hilo angelifanya hata kwa maikrofoni moja.

Mama Ngamiani, nina swali la kazi. Santuri zile ndogo, karatasi ya katikati iliandikwa nini?

Mama Ngamiani

Marahaba mwanangu. Iliandikwa jina la wimbo, jina la bendi, mara nyingi na mtunzi, na kama ni sehemu ya kwanza au ya pili. Wapigaji wote hawakuandikwa. Lakini jina la mtunzi linatosha kuanzia, kwa sababu ukimpata mtunzi au mtoto wake, atakwambia siku ile studio walikuwa nani na nani. Wengi walikuwa mtaani kwetu. Ukija Ngamiani usiulize wanamuziki wa zamani kwa ujumla, watu watakutajia waimbaji tu. Uliza wimbo kwa jina lake, halafu uliza nani alikuwa anapiga nini.

Mwanzisha uzi

Basi tufanye hivi, hapahapa kwenye uzi. Mwenye santuri yoyote ya Atomic, Jamhuri, Black Star au Lucky Star, apige picha karatasi ya katikati, pande zote mbili, aweke hapa. Mwenye kumjua mpigaji aandike jina la wimbo, chombo, na jina la mtu, na aseme kalipata kwa nani. Mimi nitakusanya kwenye jedwali moja na kulirudisha kila likiongezeka. Asiye na santuri aulize nyumbani kwao. Naanza na lile la besi ya Black Star.

Mpiga besi

Nipo. Ukipata jina la huyo wa besi nitafute hata usiku.

Mdau wa Makorora

Mjomba ana boksi la santuri juu ya kabati na hataki liguswe. Nikitoka msikitini nampitia. Akikubali naweka picha leo leo, akikataa nitamwomba anisomee tu zilivyoandikwa.